Shangazi wa Dawati la Kuazimisha, Aliyekitukana Kila Kitabu Alichokimaliza

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mkuu wa dawati la kuazimisha vitabu katika maktaba yetu atagonga muhuri wake wa mwisho, atafunga droo na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Wasomaji humwita Shangazi. Sisi wenzake humwita Shangazi. Hata mtunza bustani, ambaye kamzidi umri na ana wajukuu wenye ndevu, humwita Shangazi, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini.

Alianzia kazi chumba cha magazeti. Wakati ule chumba hicho kilikuwa na wasomaji wachache na walalaji wengi, na kanuni za maktaba zilikataza kumgusa mteja. Shangazi, akiwa binti mwembamba mwenye sauti nene, aligundua njia yake. Alisimama nyuma ya kiti cha mlalaji na kumsomea matokeo ya mpira ya timu yake, hasa pale ilipofungwa. Katika muda mfupi chumba kikawa na watu walio macho tu, na uongozi ukampandisha daraja. Alipita kitengo cha watoto, akapita stoo, kisha akakabidhiwa dawati la kuazimisha, na tangu hapo hatukuweza tena kumtenganisha nalo.

Lakini jina lake halikuvuma kwa sababu ya muhuri. Lilivuma kwa sababu ya Hukumu ya Jumatatu.

Kwa wale wageni katika hafla hii ya kumuaga, tueleze. Kila Jumatatu, kabla milango haijafunguliwa, wafanyakazi wote husimama mbele ya dawati lake na vikombe vyao vya chai. Shangazi huviinua vitabu vipya kimoja kimoja na kusema aliyoyaona humo. Kanuni yake ni moja na haijapata kuandikwa popote: kitabu alichokimaliza hukitukana, kitabu kilichomshinda hukinyamazia. Anasema si haki kumsengenya mtu uliyemwacha njiani. Kitabu kilichomshinda hukisukuma chini ya dawati, karibu na viatu vyake vya mvua, na hakuna anayekitaja tena. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Waandishi wanaouchungulia mlango wetu Jumatatu wanaujua mshindo huo.

Kusifu, hasifu. Ukimwuliza sababu atakukumbusha habari za mgema na tembo lake. Kwa hiyo maktaba yetu ndiyo pekee tunayoijua ambamo mtu mzima, mwenye shahada na familia, huomba dua ili atukanwe na Shangazi.

Hapa ni vyema msomaji aambiwe jambo, ili asije akasema alifichwa. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni mtumishi wa kitengo cha kuorodhesha vitabu, naye ametoa riwaya mwaka huu. Aliiandika kwa miaka saba, kabla ya kazi na baada ya kazi. Mkewe ameisoma akasema ni nzuri, kauli isiyosaidia kitu, maana mke huyo ni mtu mwema kwa kila kiumbe. Nakala iliwekwa mikononi mwa Shangazi mwezi wa pili. Jumatatu zilikuja, Jumatatu zilikwenda, riwaya haikutajwa. Ndiyo sababu kamati ya hafla ilipouliza nani atajitolea kuandika wasifu, kuna mkono uliopanda juu kabla swali halijaisha.

Turudi kwa mstaafu wetu na mafanikio yake.

Katika riwaya za upelelezi, Shangazi ameacha alama isiyofutika. Kuhusu moja iliyoshangiliwa sana msimu uliopita alisema: "Muuaji nimemjua ukurasa wa tisa. Mpelelezi kamjua ukurasa wa mia tatu, na bado kapandishwa cheo. Sasa nimeelewa kwa nini mambo yako hivi yalivyo." Nakala zote ziliondoka kabla ya saa nne asubuhi. Kuhusu riwaya ya mapenzi yenye jalada la waridi, alisema kwamba wapenzi wale wangepeana namba za simu walipokutana mara ya kwanza, msitu mzima wa karatasi ungeokoka. Kuhusu hadithi ya kutisha alisema: "Nyumba ina mzimu, ukuta unatoa damu, na baba wa familia bado analipa kodi kwa wakati. Aliyenitisha ni huyo baba." Na kuhusu safari za anga za mbali, ambazo kijana wetu wa kompyuta huzipenda kupita chakula, alitamka kwamba binadamu wamevuka nyota kwa nyota, wamefika sayari ya dhahabu, na jambo la kwanza walilolifanya huko ni kuunda kamati ndogo.

Ushairi hakuuonea. Mshairi mmoja kijana alileta diwani yenye neno moja katika kila ukurasa. Shangazi aliipekua mbele yetu kwa heshima, akaifunga, akasema karatasi imedhulumiwa. Kijana alishukuru huku machozi yakimlengalenga, kwa kuwa alijua imesomwa mpaka mwisho. Wapo waliosema kuimaliza kulichukua dakika tatu tu, lakini hayo ni maneno ya watu wenye wivu.

Vitabu vya afya amevisoma kwa ujasiri. Kimoja kilimkataza chumvi, kikamkataza sukari, kikamkataza mafuta, na kwenye sura ya sita kikamkataza hasira. Anasema hapo ndipo alipokasirika. Cha mapishi alikiita kitabu cha safari, maana kila kiungo kilichotajwa humo kinapatikana ng'ambo. Kile cha kuamka alfajiri ili ufanikiwe, ambacho uongozi uliagiza tugawiwe kila mtu nakala yake, alikitendea haki kwa kauli fupi: "Mwandishi anaamka saa kumi usiku. Nimesoma kitabu kizima nikitafuta anachokifanya mpaka saa tatu. Anaandika kwamba ameamka."

Mheshimiwa mmoja aliyestaafu siasa alituletea kumbukumbu za maisha yake, kitabu kizito cha kuzuilia mlango. Alikuja mwenyewe na dereva, akasimama nasi Jumatatu akiwa na kikombe chetu mkononi. Shangazi alisema humo ndani mheshimiwa amekiri kosa moja tu maishani mwake, nalo ni kuwa mpole kupita kiasi. Akaongeza kwamba maadui wote waliotajwa wamekwisha kufa, jambo linaloonyesha uvumilivu wa mwandishi. Tuliyatazama majani ya chai kwenye vikombe. Mheshimiwa alicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatuma nakala nyingine kumi, na zote zimechakaa.

Kwa maana hiyo ndiyo siri ya biashara yetu: watu huazima alichokitukana. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini msomaji huchagua, na huchagua lile tamu. Wakala wa kampuni moja ya vitabu aliwahi kuja kulalamika kwamba Shangazi anaharibu soko. Alikaa akaoneshwa foleni. Wiki iliyofuata alirudi na katoni mbili na ombi la unyenyekevu kwamba, kama Shangazi ataona vyema, awe mkali zaidi kidogo.

Si kwamba hakupata upinzani. Tulipata wakati fulani naibu mkurugenzi mpya, aliyerudi kutoka kwenye semina, akaja na mfumo wa nyota. Hukumu ya Jumatatu ilifutwa kwa waraka, na kila kitabu kikawa kinabandikwa nyota, kuanzia moja hadi tano. Shangazi hakubishana. Alibandika nyota tatu kwenye kila kitabu kilichopita mbele yake, pamoja na kamusi, ramani ya ukutani na kiti cha naibu mkurugenzi. Wasomaji walizitazama zile nyota kama wanavyotazama bei kwenye duka wasilokusudia kuingia. Baada ya miezi michache waraka ulipotea mahali, naibu akapata semina nyingine, na Jumatatu ikarudi kwetu.

Tukidhani tunamjua, alitushangaza. Mwaka ambao mumewe alilazwa, Shangazi alikwenda wodini kila jioni na kitabu na kumsomea. Mumewe alipenda riwaya ndefu za ukoo wenye ugomvi wa mashamba. Siku moja mgonjwa wa kitanda cha pili aliruhusiwa kwenda nyumbani, akakataa kuvaa viatu mpaka ajue shamba limemwangukia nani, na muuguzi aliyetumwa kumwondoa akavuta kiti akakaa. Mume hakupona. Jumatatu ya kwanza baada ya msiba Shangazi alikiweka kitabu kile juu ya dawati, akasema kina shangazi wengi mno na wote wabaya, kisha akasema kwamba aliyesomewa alikipenda. Ndiyo sifa pekee tuliyowahi kuisikia kinywani mwake, nayo haikuwa yake. Tulilia wote, na hatukuona aibu.

Sasa, kuhusu riwaya ya mwandishi wa wasifu huu.

Mwezi wa nne ilionekana juu ya dawati, alama ya kusomea ikiwa imechomekwa karibu na ukurasa wa arobaini. Mtu fulani wa kitengo cha kuorodhesha alianza kupeleka chai dawatini bila kuombwa. Mwezi wa tano alama ilikuwa ukurasa wa ishirini. Wenzake walimfariji kwamba huenda alama imeanguka na kurudishwa ovyo. Mwezi wa sita riwaya haikuonekana kabisa, na mtu yule akajikuta ameinama mbele ya dawati kuokota kalamu isiyoanguka, akikodolea macho viatu vya mvua. Haikuwepo hata hapo. Mkewe alimwambia aache kujitesa, kitabu ni kitabu. Alikubaliana naye kwa mdomo. Ukweli ni kwamba alikuwa akiogopa, kama mtoto anayesubiri jina lake lisomwe, kwamba Shangazi ataondoka na kumwacha hai pasipo tusi hata moja.

Programu hii ya hafla ilitakiwa kufika kwenye mtambo wa uchapaji Jumanne. Jumatatu ya mwisho, siku moja kabla, ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Walikuja wasomaji, walikuja waandishi waliowahi kutukanwa, wamevaa vizuri. Shangazi alianza na kitabu cha watoto cha bata asiyetaka kuoga, akasema bata yule hana adabu na amekisoma mara nne. Akamalizana na kitabu kimoja cha utajiri wa haraka, akashangaa kwamba mwandishi wake bado anahitaji kuuza vitabu. Kisha akafungua mkoba wake mwenyewe, ule anaotoka nao nyumbani, akatoa riwaya ambayo kona zake zilikuwa zimekunjamana.

Yafuatayo yamenukuliwa na watu watatu na kulinganishwa.

"Kitabu hiki kimeandikwa na mtu tunayekula naye, kwa hiyo sitamhurumia. Mvua inanyesha kuanzia mwanzo mpaka ukurasa wa arobaini na hakuna hata mmoja anayelowa. Nilirudi nyuma mara mbili nikidhani nimeruka mahali. Sikuruka. Aliyeruka ni yeye. Kijana wake anawaza dirishani mpaka nikalionea huruma dirisha. Kuna daktari wa meno humo, hang'oi jino, hazibi jino, anapita tu na koti lake. Na huo mwisho! Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anamtoa mama wa watu kwake, anamsafirisha siku mbili, anamsimamisha mlangoni kwa mwanawe waliyenuniana miaka mingi, anambishisha hodi, halafu anafunga kitabu. Huo ni ukatili. Nimeunguza sufuria mbili kwa ajili yake. Nimesubiri wiki tatu kusema, nikidhani hasira zitapoa, hazikupoa. Ijumaa naondoka kazini, na yule mama bado yuko nje."

Akakigonga muhuri, akakisukuma mbele, ng'ambo ya dawati, upande wa wasomaji.

Ukumbi ulipiga makofi. Mwandishi wa wasifu huu aliinama kufunga kamba za viatu, na ilichukua muda, kwa kuwa viatu vyake havina kamba. Alipoinuka, nakala ilikuwa imeshaazimwa na muuza magazeti wa barabarani, na nyuma yake watu wanne walikuwa wakibishana nani anafuata. Miaka saba ya kuandika haikumpa furaha aliyoipata kwa muda ule, na anaisema hapa wazi, mbele ya mkewe na uongozi.

Shangazi, kwa niaba ya wote waliosimama mbele ya dawati lako, tunakushukuru kwa kutosoma ili kumpendeza mtu. Tunakuombea afya njema, taa yenye mwanga wa kutosha, wajukuu wanaokaa kimya, na vitabu vibaya vya kutosha vya kukuchangamsha. Maisha yako mapya na yawe mema kuanzia ukurasa wa kwanza, na usituonee haya, pita utuudhi.

Kamati imeruhusu mistari miwili zaidi, ambayo haimo katika riwaya. Yule mama alifunguliwa mlango, Shangazi: mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote, akitafuta sauti ya kusema karibu.