Mzee Abdul-Latif na Udongo wa Nchi Mbili Asizowahi Kuzikanyaga

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mzee Abdul-Latif Farajalla anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tunamuaga leo Ijumaa, mapema kidogo, na sababu yake mtaiona huko chini. Msirukie mwisho tafadhali, nimeandika kwa jasho!

Kwa wanaolisoma jarida letu mara ya kwanza: ofisi hii ya Nakivubo, ambako honi za teksi huwahi kazini kuliko sisi, hufuatilia ukame wa muda mrefu katika nchi mbili kavu, Niger na Namibia. Kuna vipima unyevu vilivyozikwa ardhini huko, navyo hututumia habari kila saa, udongo umelowa kiasi gani au umekauka kiasi gani. Mzee Abdul-Latif ndiye aliyezilinganisha nchi hizo kwenye chati mwaka baada ya mwaka, mstari mwekundu wa Niger, mstari wa buluu wa Namibia. Anazijua kama anavyoijua Kasubi alikozaliwa. Ila hajawahi kukanyaga hata moja, na hilo limemkaa rohoni siku zote.

Kosa la kila mgeni ofisini ni kuweka Januari ya Niger kando ya Januari ya Namibia. Huku pamekauka kau, kule mvua inanyesha, basi mtu anatimua mbio kwenda kutangaza maajabu. Mzee hakutaka kulisikia. Kila nchi ihesabiwe kuanzia mvua yake yenyewe, alisisitiza, Niger mwezi wa Juni, Namibia Novemba. Ili tusisahau, akatuanzishia Mwaka Mpya wa Udongo, mara mbili kila mwaka. Siku hiyo huja na katoni ya biskuti kutoka maduka ya jumla ya Kikuubo na birika la chai ya tangawizi ya Bi Sitti, mkewe, akapita meza kwa meza akitupa mkono wa heri. Bannange, jamani, mara ya kwanza nilidhani mzee wa watu amechanganyikiwa! Siku hizi hata askari wa getini huuliza mwaka mpya ni lini.

Wageni wengine humuuliza nchi ipi inaongoza kwa ukame, kana kwamba ni mpira. Hao huwakalisha chini. Mvua inaweza kurudi na udongo ukabaki na kiu, huwaambia, kwa sababu joto nalo linakunywa. Kwa hiyo kila nchi ilinganishwe kwanza na jana yake, ndipo ipelekwe kwa jirani. Wengi huondoka wakiwa wamesahau walichokuja kuuliza.

Sasa nisimulie la kituo cha Niger, maana mwenyewe ameniruhusu, tena ametishia kuninunia nisipoliandika. Kiangazi kimoja mstari mwekundu ulianza kupanda. Hakuna wingu, hakuna tone, na mstari unapanda! Mzee alizunguka ofisi nzima akishangilia kwamba udongo wa Niger umefufuka, akaanza kuandaa na taarifa ya magazeti. Mimi nikaomba tuutazame kwa saa badala ya kwa mwezi. Lo! Ulipanda alfajiri, ukapanda adhuhuri, ukapanda alasiri, magharibi na isha. Mzee aliutazama mstari, kisha akatazama mikono ya shati lake, iliyokuwa bado imelowa kwa sababu ndiyo kwanza ametoka kutawadha. Aliketi sakafuni akacheka mpaka Odera, fundi wetu wa vipima, akadhani ni presha.

Kumbe Mzee Seyni, mlinzi wa kituo kile, alikuwa akitawadhia palepale juu ya kipima. Alipopigiwa simu alijitetea kwamba aliambiwa atunze kilichopandwa pale. Yeye alidhani ni mche, akaona maji ya udhu yasipotee bure. Tangu hapo wazee hawa wawili wamekuwa chanda na pete, wakitumiana salamu za sauti kwa Kiarabu cha kuungaunga, kila mmoja akimwahidi mwenzake kwamba wataonana.

Safari ya kwanza ya Niger ilivunjwa na malaria. Ya pili ilivunjwa na korona, begi likiwa mlangoni. Ya tatu iligongana na harusi ya Jamilah, binti yake, na hapo hakukuwa na la kujadili. Nafasi akapewa Odera, aliyerudi na picha tele na mchanga viatuni. Mzee akamwomba avikung'utie viatu vile juu ya meza yake. Aliupapasa ule mchanga kwa kidole, akaenda kusimama dirishani mpaka saa ya chai. Iliniuma sana.

Mwaka huu tuliingiwa na hofu. Akishastaafu, safari za kikazi ndiyo basi. Lakini Madamu Adero, mkurugenzi wetu, aliposikia kwamba kipima cha Mzee Seyni huko Niger kinatakiwa kukaguliwa kabla ya mvua, hakuzungukazunguka. Aliitisha mkutano akamtaja mkaguzi: Abdul-Latif Farajalla. Ofisi ililipuka kwa vigelegele! Mimi nilimkumbatia fundi wa mashine ya fotokopi ambaye hata simjui. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akalia waziwazi mbele yetu, nasi tukamfuata.

Ndege ni keshokutwa. Siku zake za mwisho kazini atazitumia Niger, na Mwaka Mpya wa Udongo utamkuta hukohuko. Biskuti zimeshafungwa begini, na Mzee Seyni ametuma sauti kwamba chai ni juu yake. Namibia isubiri kidogo, maana Bi Sitti ameapa huko mtu hataenda peke yake.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kuijali ardhi tusiyoiona. Afya isikupungue, na wajukuu wakuchoshe vizuri.

Tumekubaliana jambo moja. Ukifika, kabla ya kugusa chochote, tawadha palepale juu ya kipima. Kipimo hicho tutakiondoa kwenye takwimu, kama ulivyotufundisha. Lakini sote tutakuwa tumejazana mbele ya skrini, na mvua bado haijaanza. Mstari mwekundu ukipanda, tutajua umefika.

Mimina, Mzee. Tunatazama.

Dolphine Nabangala, Chumba cha Chati