Mama Kijiko Anastaafu, Kitanda Namba Sita Bado Hakijanywa Chai

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchunguza makoo ya watu, mtaalamu wetu wa tiba ya kumeza, ambaye wodi nzima inamwita Mama Kijiko, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Uongozi umetuomba tuandike mambo ya kufurahisha tu. Tutajitahidi.

Alipoanza, hakuna aliyeelewa kazi yake ni ipi. Kumeza, tuliambiana, hata mtoto mchanga anaweza, tena bila cheti. Akapewa ofisi kwenye stoo ya magongo, kwa muda. Muda huo unaisha Ijumaa.

Vifaa vyake vilikuwa kijiko kidogo, kikombe cha maji na macho makavu. Mgonjwa wa kiharusi hakupewa hata tone kabla Mama Kijiko hajamkalisha wima, akamwekea vidole kooni na kuhisi kama koo linapanda. Likigoma, alibandika karatasi nyekundu juu ya kitanda: ASIPEWE KITU MDOMONI. Ndugu waliona ni roho mbaya. Shemeji mmoja alikamatwa na chupa ya supu ndani ya koti, akatishia kwenda kushtaki. Mama Kijiko alimlaza chali na kumnywesha maji, kijiko kimoja tu. Alipomaliza kukohoa, alitoa chupa mwenyewe.

Mtihani huo tumeupitia sote. Kila daktari mpya alilazwa akalishwa uji na mwenzake mwenye haraka. Daktari wetu bingwa, anayepita wodini kama anafukuzwa, alilowa mpaka tai. Nimonia ya chakula kupotea njia na kuingia mapafuni ikapungua sana, hadi uongozi ukaanza kuuliza kama kweli tunamhitaji mtu wa kumeza.

Kasoro anazo. Kula naye meza moja ni adhabu, maana anakutazama koo badala ya uso. Mwaka juzi alimkatiza mgeni rasmi hotuba kwa sababu alikuwa akiongea huku anatafuna.

Kwa ajili ya kumuaga, uongozi umeagiza keki na saa ya ukutani. Mtu wa kushika nafasi yake haujaagiza. Tunaambiwa suala hilo linashughulikiwa, na tunaijua lugha hiyo tangu enzi za stoo.

Haya yote tunayasema kwa ajili ya kitanda namba sita. Pale amelala dereva wa lori, wiki ya tatu sasa analishwa kwa mpira wa puani. Amefanya mazoezi ya ulimi na koo mpaka mkewe ameyakariri. Kuongea bado hawezi, ila ameandika neno moja kwa mkono wa kushoto: chai. Mama Kijiko alimwahidi kumpima Jumatatu. Jumatatu, kwa mujibu wa barua yenye mhuri, yeye si mfanyakazi tena. Imetuudhi, na tunaandika kwamba imetuudhi.

Kwa hiyo mlinzi wa getini aarifiwe. Jumatatu, saa ya kutazama wagonjwa, atafika mama mmoja mwenye kijiko mfukoni. Mke wa dereva amemwandikisha kama wifi yake. Apitishwe. Chupa ya chai pia ipitishwe, safari hii haitafichwa ndani ya koti.

Asante, dada, kwa kila koo uliloligombania. Ule na kunywa kwa raha miaka yako yote iliyobaki, ukiwa umekaa wima. Ila Jumatatu usichelewe.