Kuvuta Ni Kufunga

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye kazini ajifanye anapanga makaratasi. Leo tunamkumbuka mtu ambaye ukibisha hodi kwake hukuambiwa "karibu, keti." Uliambiwa "karibu, inama."

Uliinama kwa sababu juu ya makochi, toka ukuta hadi ukuta, lilining'inia bawa la ndege. Bawa la kweli. Lingine lilikuwa kwenye ujia wa kwendea vyumbani, na mwili wa ndege wenyewe ulikaa uani, chini ya bati, pale wenzake wanapoegesha gari.

Tunamkumbuka Fundi Rejeta. Alifariki wiki mbili zilizopita akiwa na miaka sitini na sita. Ameacha mke na binti mmoja. Kwa aliyechelewa kuwasha redio narudia: ni Fundi Rejeta, mziba rejeta za magari, aliyejenga ndege ya watu wawili nyumbani kwake kwa mikono yake.

"Alinioa kwa ahadi ya nyumba yenye nafasi," mkewe aliniambia juzi. "Nafasi ikachukuliwa na bawa."

Kwa miaka thelathini na minane kazi yake ilikuwa moja. Rejeta inaletwa, anaizamisha kwenye pipa la maji, anapuliza hewa, anaangalia mapovu yanatokea wapi. Hapo anapaziba kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Watu walisema anaweza kujua tundu lilipo kwa kusikiliza tu. Siwezi kuapa, lakini mimi mwenyewe nilimwona amefumba macho, sikio liko juu ya pipa, na mwenye gari amesimama kando kama anangoja majibu ya daktari.

Wazo la ndege lilimwingia Fundi pale binti yake alipopata leseni ya urubani na kuanza kufundisha wengine kurusha ndege ndogo. Fundi alitembea mtaa mzima siku hiyo. Kila aliyemsalimia alijibiwa, "Salama, mwanangu ni rubani." Kisha akasema, "Haiwezekani arushe ndege za watu tu. Atarusha na ya kwao."

Ilimchukua miaka tisa. Kitambaa cha mabawa kilishonwa na jirani yake, mama mshonaji wa mlango wa pili, ambaye hadi leo huwaambia wateja kwamba ameshawahi kumvisha nguo ndege. Nyumba haikukauka watu. Kila jioni kulikuwa na mwenye ushauri na mwenye kucheka, na wengine walifuata chai tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo yote yalipotokea.

Injini inahitaji oili, na oili ina tabia zake. Ikiwa ya baridi sana ni nzito, haitembei vizuri. Ikiwa ya moto sana inakuwa nyepesi kama maji, na vyuma vinasagana. Kwa hiyo ndege ina kipoza oili, kitu kama rejeta ndogo, kinachopigwa na upepo. Upepo ukiwa mwingi, oili inapoa mno. Ukiwa mdogo, inachemka. Lazima uwepo mlango mdogo wa kupima huo upepo. Tuuite kilango.

Kilango kile kilikuwa na ukubwa wa kiganja. Fundi alikifanyia kazi miezi minane. Alikata bati, akalitupa, akakata lingine. Alibandika vipande vya uzi mbele ya kipoza ili aone upepo unakwenda wapi. Mwisho alitoa kishikio na waya wake kwenye gari bovu la zamani, akavifunga kwenye dashibodi ya ndege. Kilikuwa kishikio cha choki.

Kwa vijana wetu: magari ya zamani yalikuwa na kitu hicho. Asubuhi ya baridi unavuta choki, unaibania injini hewa, gari linawaka. Injini ikipata moto, unasukuma. Fundi akafuata desturi hiyo hiyo. Ukivuta kishikio, kilango kinafunga na oili inapata joto. Ukisukuma, kilango kinafunguka na oili inapoa. Narudia. Kuvuta ni kufunga. Kusukuma ni kufungua.

Akaongeza springi. Waya ukikatika angani, springi yenyewe inakifungua kilango. Alijivunia springi hiyo kuliko ndege nzima.

Mama mshonaji alikuwepo siku kishikio kilipofungwa. Alikiangalia, akauliza, "Fundi, mbona hujaandika? Andika hapa vuta, hapa sukuma."

"Kuna mtu asiyejua choki?"

"Mimi sijui."

"Wewe unaendesha cherehani!"

Watu wakacheka. Mshonaji akacheka kuliko wote. Anasema sasa hivi akikumbuka kicheko chake mwenyewe, anaziba masikio.

Siku ya kurusha ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye kiwanja kidogo nje ya mji. Kulikuwa na ubaridi. Mtaa ulihamia pale. Walihesabiwa watu arobaini na kitu, wamevaa kama wanakwenda harusini. Fundi alishindwa kula tangu jana yake. Aliizunguka ndege mara tatu, akamsaidia binti kufunga mkanda, akawasha injini naye, na kwa kuwa asubuhi ilikuwa ya baridi akakivuta kishikio hadi nusu kwa mkono wake mwenyewe.

Binti akagusa kile kishikio. "Baba, na hiki?"

"Hicho cha kilango cha oili, mama. Ni kama choki tu."

"Sawa, baba."

Wasikilizaji, yalikuwa maneno hayo tu. Fundi akashuka, akasimama pembeni na redio ya mkononi.

Ndege iliruka. Nataka mlijue hilo. Ndege ya Fundi Rejeta iliacha ardhi ikiwa imenyooka kama imechorwa, na watu wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Mkewe anasema Fundi hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Tazama. Tazama." Basi.

Dakika ya nne, sauti ya binti ikaja redioni. "Joto la oili linapanda. Nafungua kilango." Akavuta.

Kuvuta ni kufunga.

Fundi akabonyeza redio yake akapiga ukelele, "Sukuma! Mama, sukuma!" Lakini dakika hiyo hiyo binti naye alikuwa akiongea: "Bado linapanda, nimevuta mpaka mwisho, narudi." Redio zile, wawili wakiongea kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake. Fundi alirudia. Binti naye alirudia. Kisha sindano ya presha ya oili ikaanguka, injini ikagonga mara mbili, ikakwama. Waliokuwa chini waliliona panga la mbele ya ndege limesimama wima.

Binti aliishusha kwenye shamba lililolimwa. Matuta yalivunja magurudumu, na mguu wake wa kulia ukavunjika mahali pawili. Alipona. Anatembea akichechemea, na tangu siku hiyo hajashika usukani wa ndege. Aliacha kazi yake ya kufundisha. Sasa yuko ofisini, anapanga safari za malori.

Fundi alikwenda shambani kesho yake na kutazama waya. Ulikuwa mzima. Springi ilikuwa nzima. Laiti waya ungekatika, kilango kingefunguka chenyewe. Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake vya matope, akamwambia mkewe, "Nilifikiria waya. Sikufikiria mkono."

Tangu hapo, wasikilizaji, nyumba ile ikapoa. Chai ilikuwepo, watu hawakuwepo. Sisi watu wa mtaani ni hodari wa kujaa kwenye furaha. Mimi mwenyewe nilipita mlango ule mara nyingi nikijiambia nitaingia kesho.

Fundi alibaki na swali moja. Alimuuliza binti yake mara ya kwanza mguu ukiwa bado umefungwa plasta: "Mama, nilipokwambia ni kama choki, ulielewa?"

Binti akasema, "Baba, yameshapita."

Fundi alitaka kujua kitu kimoja tu. Kama binti alielewa akasahau, basi ilikuwa bahati mbaya. Kama hakuelewa, basi kosa lilikuwa la baba, aliyeona uvivu kuandika neno moja. Hakuweza kulala katikati ya hayo mawili. Na binti yake hakuwa mtu wa kusahau. Ni mtu anayegusa kila kitu kwa kidole kabla ya kuondoka, hata jiko. Kwa hiyo Fundi alihisi anafichwa kitu. Akaamua kwamba binti ana hasira naye ila anamwonea huruma.

Akaanza kuijenga upya ndege. Miaka minne, peke yake. Kishikio alikitoa kabisa. Badala yake aliweka kifaa kinachojulikana na kila mziba rejeta, kile kinachotanuka chenyewe kikipata joto. Oili ikichemka, kinasukuma kilango kifunguke. Ikipoa, kinakirudisha. Hakuna kuvuta, hakuna kusukuma. Alikijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto jikoni, mara mia na zaidi, hadi mkewe akahamishia mapishi uani.

Ilipokamilika alimwita binti aje aone. Alikuja Jumapili, akainama chini ya bawa kama zamani. Baba akamweleza. Binti akatazama dashibodi, pale palipobaki tundu lililozibwa kwa bati safi.

"Kwa hiyo," akasema, "mkono wangu hautakiwi tena."

Fundi alikuwa amefanya yote yale ili mtu asikoseshwe tena, na mwanawe alisikia kwamba haaminiwi. Ndipo akauliza kwa mara ya pili. "Mama, siku ile ulielewa?"

"Yameshapita, baba. Chai yangu inapoa."

Mwaka huu mapafu yake yalichoka. Daktari alisema ni moshi wa risasi na asidi, miaka thelathini na minane ya kuuvuta. Alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Huko aliuliza kwa mara ya tatu, kwa sauti iliyobaki kama ya mtu anayeongea ndani ya mto. Binti alimnyoosha shuka, akatoka nje.

Kwenye benchi la ujia, mama yake alimfuata na mshonaji akawafuata wote wawili. Hapo binti akasema. "Mama, mimi choki sikuijua. Sijawahi kuendesha gari la hivyo. Watu arobaini wananitazama, rubani mzima, mwalimu wa marubani, nimuulize baba choki ni nini? Nikasema sawa."

Mama yake akamwambia, "Umwambie yeye. Mimi siye niliyeuliza."

"Ataumia. Atajilaumu."

"Anajilaumu sasa hivi, mwanangu, na hajui hata kwa lipi. Nenda."

"Kesho. Leo amechoka. Nitakuja kesho asubuhi nimwambie vizuri."

Kesho yake alifika saa nne na chupa ya chai. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa upya. Fundi Rejeta alikata roho saa mbili.

Binti alisema yote hata hivyo. Alikwenda chumba cha maiti, akaomba aachwe naye, akamwambia. Mhudumu wa pale alimngoja nje karibu saa nzima. Binti alipotoka alimuuliza mama yake, "Unadhani amesikia?" Mama yake ni mtu mkweli. Akamwambia, "Hapana."

Mtajiuliza mimi nimeyajuaje, na kwa nini nayatoa hewani. Watu wanasema napenda habari za watu, na ni kweli. Lakini haya sikuyaokota. Binti mwenyewe alikuja hapa studio Jumanne, akakaa kiti hiki kinachonitazama, akasema, "Yataje yote. Watu wanasema baba aliniumiza. Waambie niliulizwa mara tatu." Nilimpa kipaza sauti aseme mwenyewe. Alikishika, akakirudisha mezani.

Mshonaji ana maoni yake, kama kawaida. Anasema, "Hata angejibiwa, yule mzee angejilaumu tu." Nilipomfikishia mke wa Fundi maneno hayo, akasema, "Sawa. Lakini angejilaumu akiwa na mwanawe. Hii miaka minne alikuwa anadhani mtoto ana hasira naye, amempoteza."

Kwa mama, mke wa marehemu, uliyemtunza akiwa na wageni na ukamtunza wageni walipokatika, pole sana. Sisi majirani tunakuja, tumechelewa tukijua. Kwa binti, pole, mwanetu. Ulishusha ndege isiyo na injini ukiwa peke yako, na hakuna mtu mtaani hapa anayesema hukujua kazi. Fundi wetu apumzike.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa. Leo sitawawekea muziki. Kuna mtu amewahi kukuuliza jambo, ukamjibu yameshapita. Unamjua ni nani, na unajua alipo. Kama bado anapumua, zima redio. Usingoje nimalize sentensi.

Zima, uende.