Rangi ya Ekzosi ya Makasha

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, mguu wake mmoja umeegemezwa kwenye tofali, katikati ya meza yangu ya kushonea viatu na karakana ya pikipiki ya Spana. Muuza kahawa hufika saa tisa alasiri, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa wanaume watatu wanakuwa wameshamaliza kuihukumu dunia. Spana anaongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Cheche anachomelea mageti, na macho yake mekundu ya moto wa kuchomelea anayatumia kama cheti. Kamusi ni mstaafu, alikuwa mtunza stoo wa shule, na huko stoo alisoma lebo za kila kopo, basi tangu hapo hakuna asichokijua. Mimi sichangii sana. Nikiwa kazini nina misumari mdomoni, na hiyo imeniokoa na upumbavu mwingi, ingawa si wote.

Siku hiyo alikuja Makasha, karani wa ofisi ya maji. Jina hilo tulimpa sisi, lilipofika gari lake la kujiunganishia: makasha kumi na moja, bodi vipande vipande, gunia la bolti na kitabu cha maelekezo kinene kama tofali. Miaka mitatu alikuwa anaunga. Kijiwe kizima kilimcheka, na mimi nilicheka nao. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake, bibi mtu mzima wa maneno machache, aliyehamisha kuku wake ili mkwe apate banda la kufanyia kazi. Makasha alimwahidi mbele za watu kwamba gari likitembea, abiria wa kwanza ni yeye.

Sasa gari lilikuwa linatembea. Tatizo lilikuwa ekzosi. Mabomba yake hayapiti chini ya gari kama ya watu wengine. Yanatokea ubavuni, moja kila upande, yanapita nje chini ya mlango mpaka nyuma, yang'ae, watu wayaone. Wiki iliyopita Makasha aliyapaka rangi ya mageti aliyopewa na Cheche. Alipowasha injini, moshi ulijaa banda, na majirani wakatoka na ndoo za maji.

Basi akaja amelibeba bomba moja begani, akalilaza juu ya benchi, tukasogeza vikombe.

— Rangi yenu nimeikwangua yote, — alisema. — Leo asubuhi nimelitembeza hivi hivi, tupu. Tazameni lilivyogeuka. Huku buluu, huku kahawia, na hapa kutu imeshaanza. Nataka rangi inayostahimili joto. Inayostahimili kweli, si ya mageti.

— Rangi yangu haina kosa, — Cheche alidakia. — Ulipaka nene.

— Nilipaka ulivyoniambia.

— Nilikwambia upake, sikukwambia ulivishe koti.

Spana alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Makasha, wewe ulimwendea mtu wa mageti akupe rangi ya ekzosi. Geti lako limewahi kutoa moshi? Sikiliza. Kuna kopo la kupuliza, rangi ya fedha, limeandikwa digrii mia sita. Unapiga msasa, unafuta na thina, unapuliza nyepesi mara tatu. Halafu unawasha injini kidogo, unazima, ipoe. Unawasha tena, unazima. Rangi inaiva taratibu. Nimepaka ekzosi za pikipiki mia moja.

— Mia moja! — alisema Kamusi. — Na ile ya muuza maziwa?

— Ile ilikuwa na tatizo lake.

— Ilibanduka kama ganda la yai. Maziwa yakanuka thina wiki nzima.

— Ilikuwa na tatizo lake, nimesema!

Hapo Cheche akaona mwanya. Alisimama, akaupitisha mkono juu ya bomba kama daktari anayekagua mgonjwa.

— Achana na makopo. Hili unalifunga utepe. Kuna utepe wa kuzuia joto, unauzungusha kuanzia mbele hadi nyuma, unabana kwa waya. Joto halitoki.

— Bomba limevunjika mguu, kwani? — aliuliza Spana.

— Cheka tu. Magari ya mashindano yanafungwa hivyo.

— Na mvua ikinyesha? Utepe unakunywa maji, bomba linaoza ndani kwa ndani, siku moja unabaki na utepe peke yake unanguruma barabarani.

— Mvua ikinyesha asiliendeshe!

— Sasa hilo ni gari au ni nguo ya kuanika?

Makasha alikuwa anageuza shingo huku na huku, kalamu mkononi. Mtu mzima, karani, na bado alikuwa anaandika. Kwenye kijidaftari chake niliona ameandika «utepe» na mbele yake «mvua??».

— Mbona hakuna aliyetaja kromu? — alisema Kamusi, kwa sauti ile ya mtu aliyengoja wajinga wachoke. — Kitu kinachong'aa kinarudisha mwanga. Joto ni ndugu ya mwanga. Kwa hiyo kinarudisha joto.

— Linarudi wapi? — aliuliza Makasha.

— Linarudi lilikotoka.

— Kwenye injini?

— Hilo ni suala la injini, si la ekzosi.

Nilitaka kutema misumari nicheke. Spana alimkumbusha kwamba kromu ikipikwa inageuka buluu karibu na injini, kila mwenye pikipiki anajua. Kamusi hakukubali wala hakukataa. Alikunywa kahawa, akafikiri, akaja na jingine.

— Basi tazameni hiki kikombe. Kahawa ya moto inamiminwa humu kila siku, kimeungua? Kimebabuka? Ni udongo uliopita tanurini. Tunasaga vikombe vilivyovunjika, tunakoroga uji, tunalipaka bomba, tunalipeleka kwa mfinyanzi linapikwa pamoja na vyungu. Linatoka na ngozi ya kikombe.

Walimzomea. Cheche alimwomba muuza kahawa amnyime mzee kikombe kabla hajakipaka kwenye gari. Spana alipendekeza wamchome Kamusi mwenyewe tanurini ili apate ngozi ngumu. Baadaye sana niliambiwa na mtu anayejua kwamba kuna dawa ya namna hiyo hasa, ya unga wa udongo maalumu, inayochomwa kwenye bomba kwa tanuri, na ndiyo bora kuliko zote walizozitaja. Siku hiyo, kati yetu sote, aliyeukaribia ukweli ndiye tuliyemzomea zaidi. Ndicho kijiwe chetu.

Baada ya hapo ikawa fujo. Cheche alisema bomba limwagiwe mafuta machafu likiwa la moto, linywe, liwe jeusi kama sufuria. Spana alisema lizungushiwe mrija wa maji, joto lichemshe maji, Makasha akifika kazini aoge. Cheche akasema kwa mrija huo huo unaweza kupika mchele. Wakagombana kama mchele utaiva kabla ya ofisi au baada ya ofisi.

Ndipo niliposikia hatua zisizolingana. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine kandambili. Alikuwa mama mkwe wa Makasha, anakuja taratibu pembezoni mwa ukuta, kiatu cha pili amekishika mkononi.

Kelele zilikatika. Wote tulimwamkia, naye akaitikia marahaba moja ya kututosha sote. Makasha aliruka kutoka kwenye benchi, kijidaftari kikaanguka.

— Mama! Mbona umetembea? Ungeniita.

 Mama alininyooshea mimi kiatu.

— Fundi, hii soli itashika?

Nilikigeuza. Ilikuwa soli nzuri ya mpira, na ukingo wake wa nje ulikuwa umeyeyuka, umejikunja mawimbi mawimbi. Kilinuka mpira ulioungua. Nilitoa misumari mdomoni.

— Mama, umekanyaga moto?

— Nimekanyaga gari.

 Alivuta pindo la gauni juu kidogo, kiasi cha heshima, na juu ya kifundo cha mguu tuliona kitambaa cheupe kilichofungwa, dawa ya njano imepenya.

Asubuhi ile, kumbe, Makasha alipolitembeza gari, mabomba yakiwa tupu bila rangi, hakuwa peke yake. Alikuwa ametimiza ahadi. Alimpeleka mama mkwe kliniki ya macho, akamfungulia mlango kama waziri, na mama aliposhuka, mguu ukatua juu ya bomba.

— Mama, mbona hukusema? — sauti ya Makasha ilikuwa imeishiwa.

— Ulikuwa umeinama unalinusa bomba lako. Ningemwambia nani?

Alisogea kwenye benchi, akalitazama bomba lililolala pale kama maiti iliyogombaniwa na warithi.

— Nimekuja nawasikia tangu kona ile. Rangi ya fedha, utepe, vikombe. Sasa nami niulize. Hiyo mnayoigombania, ikishapakwa, nikishuka tena mguu wangu utaungua au hautaungua?

Spana alikohoa.

— Rangi yangu haiungui, mama. Inafika digrii mia sita.

— Sijauliza rangi. Nimeuliza mguu.

Spana alimtazama Cheche. Cheche alitazama barabara.

— Kitaalamu, mama... — alianza Kamusi.

— Endelea.

Kamusi aliinama kufunga kamba za kiatu. Saa nzima walikuwa wamebishana namna ya kulilinda bomba lisiumizwe na joto lake lenyewe. Bomba lingebaki zuri. Lingekuwa la moto vile vile, palepale, chini ya mlango. Na mimi, ninayeshona viatu vya mtaa mzima, sikuwa nimefikiria mguu hata mara moja.

— Soli utaniambia kesho, — aliniambia mama, akaondoka na kandambili yake. Makasha alimfuata nyuma, mikono kifuani kama aliyeitwa na mwalimu. Bomba alilisahau; jioni alimtuma mtoto alichukue.

Siku tatu hakuonekana. Ya nne Spana alikwenda bandani, akarudi ametulia, jambo la ajabu kwake.

— Anafunga kinga, — alisema. — Bati la matundu, juu ya bomba, pale mlangoni.

— Na rangi? — aliuliza Kamusi.

— Amenunua nyeusi. Kopo la kwanza aliloliona dukani. Hakuuliza mtu.

Niliona hilo limewauma kuliko kitu chochote.

Siku iliyofuata gari lilikuja hadi kijiweni, likinguruma, mama mkwe akitembea nyuma yake. Hakuwa amepanda. Alikaa kwenye kiti changu, nikasimama.

— Mkwe wangu anasema sasa ni salama, — alisema. — Vizuri. Na ninyi mafundi wa kikombe mmekaa hapa. Kunjeni suruali, kila mtu aingie, ashuke upande ule, nione.

— Sisi, mama? — aliuliza Cheche.

— Kuna mwingine aliyekuwa anaongea?

Wakakunja. Sijawahi kuona miguu ya aibu kama ile. Makasha aliacha injini ingurume mpaka bomba likapata moto wake. Kamusi alishuka wa kwanza, akanyoosha mguu mbali kama anayevuka mfereji. Cheche alitoka kinyumenyume, anaomba msaada wa mkono. Spana aliingia kwa mbwembwe, akakaa, akapunga mkono, na alipokuja kushuka shavu la mguu wake likaligusa bati. Aliruka nusu ya barabara, akatua kwa mguu mmoja.

— Unaruka nini? — aliuliza mama.

— Nimeteleza tu, mama.

— Njoo uteleze tena.

Spana hakuja.

Makasha alizima injini, akapiga magoti, akajaribu kupenyeza kijiti kati ya bati na bomba. Hakikupita. Alikuwa amelibana moja kwa moja juu ya bomba, chuma kwa chuma, na joto lilikuwa limehama tu kutoka kimoja kwenda kingine.

— Nimekosea, mama, — alisema akiwa bado chini. — Inatakiwa hewa ipite katikati. Sikufikiri.

— Sasa umefikiri. Inuka, utachafua suruali.

Alilirudisha gari bandani. Safari hii hakutuita, nasi hatukwenda. Wiki nzima kijiwe kilizungumzia mpira wa miguu, kwa sauti ya chini.

Jumamosi mchana likaja tena. Mama mkwe alikuwa amekaa kiti cha abiria, kitambaa kichwani kimefungwa imara kwa ajili ya upepo, na viatu vyote viwili miguuni, soli mpya niliyoigundisha mwenyewe. Walikuwa wametoka mbali, vumbi lilikuwa limejaa boneti. Bati lilikuwa limeinuliwa juu ya vijiti vya chuma, nafasi ya vidole viwili kati yake na bomba. Makasha alizunguka kumfungulia mlango, lakini safari hii alichuchumaa, macho yote kwenye miguu ya mama, mpaka yote miwili ikafika chini.

Mama alisimama, akanyoosha gauni. Halafu akainama, akaweka kiganja chake kizima juu ya lile bati, akakiacha hapo. Aliwatazama Spana, Cheche na Kamusi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na kiganja hakikutoka. Wote watatu wakatazama vikombe vyao.