Maisha ya Dada Yetu Kamati, Aliyejifunza Zabuni kwa Wivu

Wapendwa mliokuja kutusaidia kumsindikiza dada yetu, familia imempa mdogo wake wa mwisho kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa marehemu mwenyewe alichoshwa na misiba ambayo kila anayezikwa alikuwa mpole, mkarimu na mpenda watu, tumekubaliana kusema yaliyokuwa, naye mkarimu alikuwa kweli, watu aliwapenda kwa kiasi, mpole hakuwa, alikuwa na wivu, na wivu huo ndio uliomsomesha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana ya mabehewa, akiwa wa kwanza kati ya wasichana wanne wa fundi wa breki na mshonaji wa nguo za kike, na alipoletewa mdogo wake wa kwanza amefungwa kwenye shuka, mama alituhadithia mpaka uzeeni kwamba alimtazama yule mgeni kuanzia utosini hadi unyayoni, kisha akauliza atarudi kwao lini.

Alianza shule ya msingi ya reli Januari 1965 akamaliza mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1975, akiongoza darasa miaka yote isipokuwa mmoja aliposhika nafasi ya pili, na msichana aliyeshika ya kwanza mwaka ule hakupata salamu yake tena, ingawa baadaye walikuja kupakana ukuta. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha uhazili, akahitimu Novemba 1977, na Februari 1978 akaajiriwa na Idara ya Maji kuwa mpiga chapa, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha lisilofunguka na mashine iliyoirusha herufi ya r juu ya mstari, kiasi kwamba barua zake zilitambulika kabla hazijasomwa.

Hapo ndipo shemeji yetu alipomkuta mwaka 1980, alipokuja kufuatilia barua ya mabomba kutoka halmashauri, alikokuwa afisa wa ununuzi, akaifuatilia barua ile mara nyingi kuliko mabomba yenyewe yalivyostahili, na tarehe 12 Desemba 1981 wakafunga ndoa, wakahamia nyumba ya vyumba viwili barabara ya nyuma ya soko, wakajaliwa mtoto wa kiume Mei 1983 na wa kike Septemba 1987.

Sasa, mwanamke mwenye wivu akiolewa na mwalimu atawachunguza walimu wa kike, akiolewa na fundi wa saa huenda akapata usingizi, lakini dada yetu aliolewa na ununuzi wa umma, kazi ambayo maneno yake yote yanafanana na uchumba. Shemeji alirudi nyumbani akisema wameshapata orodha fupi, wamebaki watatu wenye sifa, mmoja lazima achaguliwe, na dada akiwa anakuna nazi aliacha kukuna. Siku nyingine alimsikia kwenye simu ya jirani akimbembeleza mtu kwamba uhalali wake unakwisha mwezi huu, tafadhali aongeze mwezi mmoja tu, bado wanamfikiria, na ilibidi jirani amshike mkono dada yetu mlangoni, kumbe uhalali ni ule muda ambao mzabuni amefungwa na bei aliyoiandika, kamati ilikuwa imechelewa kuamua, na aliyekuwa akibembelezwa ni mzee wa ndevu nyeupe aliyeuza mabati.

Hayo yalikuwa ya kuchekwa, na tuliyacheka, mpaka Juni 1994. Halmashauri ilitangaza zabuni ya madawati ya shule za msingi, na kati ya walioomba alikuwamo mwenye karakana ya samani ya barabara ya kituo cha zamani, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, mjane, ambaye mji mzima ulimwita Mama Madawati. Kamati ya tathmini ilipoketi kupima zabuni, shemeji alisimama akasema jambo, na mhudumu wa ofisi, aliyekuwa akipanga vikombe na aliyekuwa rafiki wa dada tangu shule, hakuweza kukaa na jambo hilo hata hadi mchana, alivuka barabara mpaka Idara ya Maji akamwambia, "Mwenzangu, mumeo kasimama mbele ya watu wote, katangaza kwamba ana maslahi na Mama Madawati."

Dada yetu alifunika mashine yake, akaenda nyumbani, akafunga nguo kwenye sanduku, si zake, za mumewe, kwa maana nyumba aliipenda, akaita kikao cha pande mbili, akaja baba yetu na mama mkwe wake, na mdogo wake anayesoma haya, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu akijiona anajua kila neno. Alisema mbele yetu kwamba mume aliyetangaza kumtaka mwanamke kwenye mkutano wa serikali hana haja ya kurudi kulala kwake, na kwamba jua likizama sanduku litakuwa nje, na hakuna aliyemjua ambaye alidhani anatania.

Shemeji aliingia, akaliona sanduku, akaketi, akaeleza kwa sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa. Alimwambia, "Mama watoto, kutangaza maslahi si kumtaka mtu. Ni kusema unamjua kiasi cha kutofaa kumpima, kisha unatoka. Mimi nilitoka, nikakaa kwenye benchi la korido mpaka wakamaliza." Baba yetu akatikisa kichwa kwa kuridhika, mama mkwe akaomba maji, na sote tukadhani yamekwisha, kwa kuwa neno lilikuwa limepata maana yake. Dada hakuwa amemaliza.

"Kiasi gani?" aliuliza. "Unamjua kiasi gani cha kutofaa kumpima?"

Hapo ndipo shemeji alipotazama sakafu, akasema kwamba mwaka 1979, kabla hajaijua Idara ya Maji, alimchumbia mwanamke yule, jambo halikufika popote, naye hakuona sababu ya kulileta katika ndoa yake. Dada aliuliza kamati ina watu wangapi ukimtoa yeye, akajibiwa watano, akasema kwamba basi wapo watu watano, ukimwacha mpanga vikombe, walioyajua ya mumewe kabla yake, miaka kumi na miwili na nusu amefua mashati ya mtu huyo, na serikali ndiyo imeambiwa kwanza. Shemeji alimgeukia mama yake kutafuta msaada, na mama yule, ambaye kwa kawaida alimtetea mwanawe hata akiwa amekosea njia, akamwambia, "Mwanangu, hapo mimi sina la kukusaidia."

Ndoa yao iliponea hapo, wapendwa, kwenye sharti alilolitoa dada akiwa amekalia sanduku. Alisema, "Kuanzia leo kamati ya kwanza ni hii. Ukiwa na la kutangaza, litangaze hapa, ndipo ukawatangazie hao wengine." Shemeji alikubali, nguo zikarudi kabatini na mikunjo yake, dada akakataa kuzipiga pasi mwezi mzima ili ofisi ione, na tangu siku ile jina lake likawa Kamati, tulimwita sisi, wakamwita watoto, mwishowe hata mabosi wake.

Mama Madawati alishinda zabuni ile bila shemeji kuwamo chumbani, na madawati yalipofikishwa, dada yetu aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni kwa watoto wake, akaligeuza dawati moja miguu juu, akapapasa kingo, akatafuta msumari uliochomoza au ubao mbichi, akageuza la pili na la tatu, akakosa, na kukosa huko kulimuuma kuliko sanduku. Alirudi akamwambia mumewe kwamba hatasimuliwa tena na mpanga vikombe, kila neno la kazi ile atalijua mwenyewe, akajiandikisha masomo ya jioni mwaka 1995, akapata cheti cha ununuzi, na Machi 1997 Idara ya Maji ikamhamishia kitengo hicho, akakiongoza kuanzia mwaka 2004 mpaka alipostaafu tarehe 9 Agosti 2013.

Wafanyakazi wenzake walioketi hapa walifundishwa naye, na wanajua kwamba hakuna mhadhiri aliyewahi kuyaeleza maneno yale kama yeye, mdogo wake akiwa amekaa chini ya wahadhiri wengi. Zabuni ya wazi, alisema, ni kutangaza kwamba unatafuta mchumba na kuvumilia wote watakaobisha hodi, chanzo kimoja ni kwenda moja kwa moja kwa mmoja bila kushindanisha, kunaruhusiwa kwa sababu maalumu tu na sababu hiyo iandikwe, dhamana ya zabuni ni kile anachoweka mtu ili asikukimbie katikati, na bei ya chini haishindi kwa kuwa ni ya chini, inashinda ikishapimwa ilichokiacha nje, maana yuko mwanamume asiyedai kitu leo na kesho anakuletea mama yake, wadogo zake na mbuzi. Mgongano wa maslahi hakuufundisha kwa mzaha, alisimama, akavua miwani, akawaambia vijana kwamba anayetangaza ni mwaminifu, lakini wamuulize pia kwa nini alikuwa na cha kutangaza.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Aprili 2021, akatibiwa akitokea nyumbani, na tarehe 18 Januari mwaka huu wa 2024 akalazwa wodi ya wanawake ya hospitali ya rufaa, ambako aliomba kitanda cha ukutani kinachotazama mlango, kwa maelezo kwamba muuguzi wa zamu ya asubuhi anacheka mno shemeji anapoingia. Tarehe 28 alikuja mgeni mrefu anayetembelea mkongojo, naye alikuwa Mama Madawati, ambaye kwa miaka thelathini dada alimsalimia kwa kidevu tu. Dada alimtuma mumewe akalete maji, wakati chupa imejaa pembeni yake, akamwambia mgeni aketi, akamuuliza alichokuwa amekihifadhi tangu siku ya sanduku, alikuwa ameachwa kwa lipi, maana muda wote ule aliamini kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa pili kwenye orodha, aliyechukuliwa baada ya wa kwanza kuponyoka.

"Hakuniacha," alisema Mama Madawati kwa upole. "Alinichumbia, nikamkataa."

Mdogo wake anayesoma haya, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, alidhani angefurahi, au angalau angepumua. Dada yetu aliinuka kwenye mito, na mpira wa dripu ukakazika.

"Ukamkataa? Alikosa nini?"

Mgeni alijibu kwamba hakukosa kitu, hakumpenda tu, na dada akamwambia kuwa mtu asiyeweza kumwona mwanamume kama yule akiwa amesimama mbele yake hafai kuaminiwa hata kuchagua mbao, akasema mengi, mengine hayasomeki hapa, kwa hasira ya mtu aliyetukaniwa nyumba yake, mpaka shemeji alipoingia na maji yasiyohitajika. Akamwita aketi kitandani, upande ule wa kuonekana, akamnyoosha kola kwa mkono wenye sindano, taratibu, huku macho yake yamemkazia mgeni. Alifariki dunia tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, pamoja na yule wa zamu ya asubuhi, ambaye hakuwa na kosa, majirani wa barabara ya nyuma ya soko waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wa Idara ya Maji na wa halmashauri, na Mama Madawati, aliyefika leo mapema akachagua mwenyewe kiti cha mstari wa nyuma.

Pumzika kwa amani, Kamati, baba watoto tumemketisha mbele, kulia kwake mwanao, kushoto binti yako, na hatukuacha nafasi.