Mwaka Aliozaliwa Kombe

Ubao wetu uko Kuze, kwenye kona ya duka la Ngowa, umelazwa juu ya matofali na umekuwa laini kwa kukaliwa. Shee huja na dele lake la kahawa baada ya sala ya alasiri, na sisi huwa tushafika twamngoja. Ngowa auza dawa za mitishamba, basi twamwita Daktari. Levi wa reli ni Waziri, maana jambo la serikali hulijua kabla ya serikali. Joab ni Redio, na redio hiyo haizimiki. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo pale Kilindini, nao huniita Kalamu. Kombe, mlinzi wa ghala kwenye kampuni hiyo hiyo, hakupewa jina. Hukaa mwisho wa ubao, anywe kikombe kimoja, acheke tukicheka. Jumanne ile, mwaka wa tisini na sita, mahali pake palikuwa wazi na sisi twamzungumza yeye.

Mambo yenyewe ni haya. Tajiri, mwenye kampuni yetu, alinunua kompyuta, na mtaalamu wa Nairobi akaja na disketi kumi na mbili, akasema programu ile itaendesha kampuni nzima: ghala, magari, likizo, hata watu. Kila mfanyakazi akapewa fomu aandike jina lake, kazi yake na mwaka aliozaliwa. Kombe hasomi. Fomu yake aliileta hapa ubaoni, ikajazwa hapa, sote tukiwapo. Jumatatu mashine ikaanza kazi, na Jumatatu hiyo hiyo Kombe akapewa barua: umri wa kustaafu ni hamsini na tano, nawe umeupita kwa miaka sita, usije tena.

— Ile mashine ina jicho, akaanza Redio. Yatazama mvi za mtu, yamkadiria.

— Jicho liko wapi, yakhe? nikamuuliza. Kombe hajatia mguu chumba kile. Kina ubaridi saa zote, walinzi hawaruhusiwi kuingia.

— Basi mwanipa haki! akadakia Waziri. Disketi kumi na moja ni za kazi. Ile ya kumi na mbili imekuja na majina tayari, majina ya watu wa pwani. Wapunguzwe.

— Wapi! nikamwambia. Mbona Griffins dereva naye katolewa, na kwao ni Kisumu?

— Huyo ametiwa makusudi, tusishuku.

Daktari akavuta kikombe chake karibu.

— Mie nawaambia ni ule ubaridi. Kitu kikilazwa kwenye baridi, kikiamka kina njaa. Chaanza na wazee.

— Hamjui kitu nyote, akasema Redio. Nimesikia kule Ulaya mashine yajua mtu atakufa lini. Imeona siku za Kombe zimekwisha, ikamtoa mapema asije akaanguka langoni.

— Chunga mdomo wako, Redio! nikapiga kelele, mpaka Shee akamwaga kahawa.

Kisha Daktari akasema polepole:

— Na ule mwaka wa thelathini na tano kwenye fomu je? Si tuliutia sisi?

— Mie nilisema mtu mzima huheshimiwa, akaruka Waziri. Miaka kumi sikusema!

— Ulisema! Ulisema mashine ikiona mzee itampandisha cheo!

— Na wewe Daktari ukasema ana meno ya mtu wa miaka sitini. Na Redio akacheka.

Ni kweli, tulicheka sana siku ile. Kombe naye alicheka, akasema, "Andikeni muonavyo, nyinyi ndio wenye kujua." Tukampaka wino kidoleni, akatia alama.

— Lakini kipande chake cha kitambulisho si chasema alizaliwa arubaini na tano? akauliza Shee.

— Amekipeleka leo asubuhi, nikajibu. Wamemwambia miaka miwili ya kuzaliwa haiwezi kuwa kweli yote. Ikiwa fomu ni kweli, wewe ni mzee, nenda. Ikiwa kipande ni kweli, umeidanganya kampuni, nenda bila kiinua mgongo.

— Lo! Hapo wamemfunga huku na huku.

Ndipo Mbeyu, mkewe Kombe, akatokeza kwenye kona. Hajawahi kuja hapa. Ametoka Tononoka kwa miguu, leso imelowa jasho.

— Masalkheri, mashemeji.

— Akheri, shemeji. Karibu ukae.

— Sikai. Nimekwenda ofisini kwao, nimemlilia meneja. Asema Kombe hasomi, hilo walijua. Aliyemwandikia aende mwenyewe, aseme kosa ni lake, nao watamrudisha mume wangu kazini. Mwisho ni leo saa kumi na moja. Kombe amelala, ameelekea ukutani. Nimemuuliza jina la mtu huyo, akataa. Asema hawezi kumponza mtu aliyemfanyia wema. Basi nawauliza nyinyi. Ni nani aliyeandika?

Waziri akainamia kikombe. Daktari akatazama duka lake kama lina mteja. Redio akaanza kuhesabu matofali chini ya ubao. Hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Nilifikiria ile karatasi iliyobandikwa mlangoni ofisini kwetu, kwamba karani atakayekutwa ameandika uongo kwenye fomu atafukuzwa siku hiyo hiyo. Nina watoto wanne. Niliogopa, nasema wazi.

Shee akainamisha dele. Yakatoka matone mawili.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Mbeyu akafungua ncha ya leso, akatoa fomu aliyopewa ofisini, imekunjwa mara nne. Akaipitisha machoni mwao wote, akaja kunipa mimi.

— Wewe, shemeji, ni msomi, na wafanya kazi naye. Hebu nitazamie. Mwandiko huu waujua ni wa nani?

Nikaishika. Niliuona ule mkia wa tisa, niuvutao hivyo tangu skuli.

— Siujui, shemeji.

— Haya, baba. Asante. Mungu akuweke.

Akaikunja tena, akaifunga lesoni, akaenda mbio kuuliza kwengine, maana ilikuwa imebaki nusu saa.