Mama Sura ya Tisa na Sala Aliyoiomba

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti yake wa kwanza, nimepewa dakika tano na kipaza sauti hiki cha huku chini, karibu na kwaya, kwa hiyo nitajitahidi kufupisha, ingawa mama yetu hakuzaa watu wafupi wa maneno.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akiwa amechelewa, kwa kuwa kaka zake wawili walitangulizwa kwanza, na alipofika mtihani wa mwisho akapata alama za kuwazidi wote wawili, jambo ambalo mjomba mkubwa, yule pale, hajalisamehe hadi leo.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1973, akafundisha somo la dini sekondari mpaka alipostaafu mwaka 2011. Kitabu cha somo hilo kilikuwa na sura tisa, na ya tisa, iliyohusu nafasi ya wanawake katika dini za dunia, ilikuwa na kurasa nne tu, tena ilipangiwa wiki ya kufunga shule, wakati wanafunzi wanafagia madarasa. Mama alichoka, akaanza kuifundisha Januari, akiwaeleza habari za wanawake waliofika kaburini kabla ya mitume, mjane wa Mtume aliyekabidhiwa kurasa za Kurani azitunze, na mama mlezi wa Budha aliyeomba utawa akakataliwa, akanyoa nywele akamfuata kwa miguu, na mkaguzi akija mwezi wa pili humkuta bado yuko hapo hapo, ndipo wanafunzi wakambandika jina la Mama Sura ya Tisa.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1975 na baba yetu, fundi umeme, wakajaliwa watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja. Baba, Mungu amrehemu, alifanywa mzee wa kanisa mwaka 1988, akasinzia kwenye mahubiri miaka nenda miaka rudi bila kuulizwa na mtu, ilhali mama, aliyeomba tena na tena aongoze sala ya Jumapili moja tu, alijibiwa kila mara kuwa ombi lake linafanyiwa kazi, na sote tunajua maana ya maneno hayo, kisha akaombwa apike chai ya kikao kilichokuwa kinalifanyia kazi. Alipika, na mimi nilibeba vikombe, na hadi leo jambo hilo linanikera.

Aprili 2022 alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, lakini ulimi ukabaki mzima, na kwa ulimi huo alimwambia mwenyekiti wa wazee, aliyekuwa mwanafunzi wake, kwamba siku ya kumzika sala ya mwisho niiombe mimi. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Mama akafariki tarehe 9 Juni 2023, kamati ya mazishi ikakaa, na jana mwenyekiti akaniambia kwa upole, "Dada, wewe soma historia tu, sala tuachie sisi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na viti, walimu wenzake, na kamati, ambayo imeniruhusu kusoma hadi mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho wa historia ya marehemu ni dua, mmesikia wanawake wakiusoma kwenye misiba yote na hamjawahi kuwakatiza, hivyo nawaomba tusimame, wazee pia, tuinamishe vichwa.

Ee Mungu, mpokee mama yetu, mpumzishe mguu na mkono iliyomchosha, na akianza kukuuliza maswali, maana atakuuliza, usimwambie kwamba yanafanyiwa kazi, mjibu. Mama, pumzika kwa amani. Amina.